Kilo 44

Yule baba alikuwa na jezi ya Arsenal na furaha ya mtu ambaye ameacha simu ya kazi kwa gari. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, foleni ya watoto imefika hadi kwa mti wa jakaranda, na mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa juu ya Biskuti akilia kama amepelekwa kudungwa sindano.

“Buda, wacha nipande nimshike,” akaniambia. “Mathe yake achukue picha moja tu, nashuka.”

Nikamwambia sheria ni sheria, watu wazima hawapandi poni. Akaangalia huku, akaangalia kule, akanisalimia kwa mkono. Mkono wangu ukarudi na soo tano ndani yake.

Nataka kusema nilifikiria. Sikufikiria. Nilikuwa nalipwa 600 kwa siku, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi na Jumapili pekee. Nikashika kamba, baba akapanda, miguu yake ikining’inia hadi karibu iguse nyasi. Biskuti alishuka kidogo mgongoni, vile godoro hufanya ukilikalia pembeni, halafu akaanza kutembea kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyofunzwa. Mzunguko mmoja. Picha haikutoka vizuri, jua lilikuwa nyuma. Mzunguko wa pili. Wa tatu mtoto alikuwa ameacha kulia, kwa hivyo mama akarekodi video.

Jioni nilinunua unga, sukari na bando ya wiki.

Nilikuwa nimefika kwa hao farasi kwa njia ya watu wengi wa umri wangu: kazi nyingine zilikosekana. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma takwimu, na karo iliyobaki ilikuwa 47,000, na nilifanya mahesabu ya mtu wa takwimu nikaona haiwezekani. Nikahamia Ngando, chumba cha mabati kisicho mbali na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Mama huko ushago alijua niko darasani. Akipiga simu nilikuwa namwambia mtihani uko karibu. Kwangu mtihani ulikuwa karibu kwa miezi saba.

Jirani yangu alikuwa saisi, kwa maana anatunza farasi. Anawaosha, anawalisha, anawatandika, anatoa mavi. Akaniambia kuna mahali upande wa Karen wanahitaji vijana wa kushika kamba wikendi, watoto wakipanda poni. Nilikuwa sijawahi kuguza farasi. Wakenya wengi wa tabaka langu farasi tunamwona akiwa chini ya polisi au kwa ufuo wa bahari Mombasa, na mara zote mbili tunamwona kwa mbali kwa sababu zinazoeleweka.

Jumatatu baada ya ile Jumamosi Mzee alinipigia simu. Mzee ndiye alikuwa saisi mkuu, mtu wa miaka sitini na kitu, ambaye alianza kufagia mabanda ya farasi wa mbio kabla baba yangu hajaoa. “Kijana wangu, kuja kidogo.”

Nilimkuta na Biskuti nje ya banda. Hakunisalimia kwa mengi. Aliweka vidole viwili pale shingo inapomalizikia, penye kile kinundu cha mabega, akavivuta polepole akishuka na mgongo, kando tu ya uti. Akifika nyuma ya mahali pa tandiko, Biskuti alijinyonga chini, akalaza masikio nyuma na kupiga mkia. Mzee akarudia. Pale pale, kitu kile kile.

“Tandiko nililiweka mimi,” akasema. “Madam anasema nililiweka vibaya.”

Nilinyamaza. Natamani kuandika kwamba nilinyamaza sekunde chache. Nilinyamaza hadi akaingia stoo na kutoka na futi ya fundi wa nguo.

“Wewe si ulisoma mahesabu? Pima.”

Akanionyesha. Unazungusha futi kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, pale mkanda wa tandiko hupita: sentimita 145. Unapima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako: 125. Unazidisha ile ya kwanza kwa yenyewe, unazidisha na ya pili, unagawanya kwa 11,900. Unapata uzito wa farasi kwa kilo, si kamili kama mizani lakini karibu vya kutosha. Nilifanya kwa simu. Ikatoka 220 na pointi.

“Sasa toa sehemu moja ya tano.”

“44.”

“Hiyo ndiyo mzigo wake. Mtu, tandiko, viatu, simu kwa mfuko, kila kitu. 44.” Akaanza kukunja futi. “Yule mtu wa Jumamosi alikuwa kilo ngapi?”

Kumbe alikuwa ameona. Alikuwa ameona kutoka kule kwa maji, akingoja niseme mwenyewe, na siku mbili zilikuwa zimepita akibeba kosa langu mbele ya mwajiri. Nilisema labda mia moja. Na mtoto je? Na tandiko je? Mia moja na ishirini, nikasema. Zaidi ya nusu ya uzito wa Biskuti, mizunguko mitatu, kwa soo tano.

Nilienda kwa ofisi nikasema. Nilikatwa wikendi mbili, na Biskuti akapumzishwa wiki tano, na kwa hizo wiki tano watoto walimuuliza kila Jumamosi. Mzee hakuwahi kulitaja tena. Mama nilimwambia kuhusu chuo miezi mitatu baadaye, kwa simu, vibaya. Hiyo ni insha nyingine.

Wikendi ambazo sikulipwa nilienda tu. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na nilikuwa na deni. Mzee akaanza kunifunza kuangalia.

Kitu cha kwanza alichonitoa akilini ni urefu. Sisi wageni tukiona farasi mrefu tunasema huyo ana nguvu. Watu wa farasi wanapima urefu kwa kiganja, wenyewe wanasema hendi, na moja ni inchi 4. Unapima kutoka chini hadi kwa kile kinundu cha mabega, kichwa hakihesabiwi. Poni kwa kawaida ni yule asiyepita hendi 14 na inchi 2, karibu sentimita 147. Wanaandika 14.2, na nilifanya ujinga wa mtu wa takwimu nikadhani hiyo ni desimali. Baada ya 14.3 inakuja 15. Mzee alicheka hadi akashika ukuta.

Pale kwetu kulikuwa na farasi watatu waliostaafu mbio, warefu, hendi 16 na zaidi, shingo ndefu, miguu kama ya wanamitindo. Nairobi farasi wengi wa kupandwa ni wa aina hiyo, walimaliza kazi ya uwanjani wakauzwa. Mtu mkubwa akija, macho yake yanaenda kwao moja kwa moja. Mzee anamgeuza. Alinipa futi nizungushe mfupa wa mguu wa mbele, chini tu ya goti, pale hakuna nyama. Mmoja wa wale warefu alikuwa na inchi 7 na nusu. Halafu akaniambia nipime Meja.

Meja alikuwa mfupi kuliko wao wote watatu, 15.1, rangi ya matope, kichwa kama sanduku. Inasemekana baba yake alikuwa wa ile jamii ya kuvuta mikokoteni. Mguu wake ulizunguka inchi 9. Mgongo wake ni mfupi, na kile kipande kati ya mbavu za mwisho na nyonga, ambacho kwetu tungeita kiuno, ni kipana kama meza ya kinyozi. Mzee alisema kiuno ndiyo daraja. Daraja likiwa refu na jembamba, lori likipita linayumba. Nikampima kwa ile fomula: kifua 190, urefu 165. Kilo 500. Sehemu ya tano, 100.

Baadaye, nilipopata bando, niliingia kutafuta kama hii ya moja ya tano ni ya Mzee au ya dunia. Ni ya dunia. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Ohio State huko Marekani walitoa matokeo ya kupakia farasi wanane uzito wa asilimia 15, 20, 25 na 30 ya miili yao. Kwa 25 na 30 misuli ilianza kuuma na mapigo ya moyo kupanda zaidi. Na wale wenye kiuno kipana waliumia kidogo kuliko wengine. Nilimsomea Mzee. Akasema, “Wazungu wamejua lini?” Nikamwambia. Akarudi kwa kazi yake.

Lakini uzito si kila kitu, na hapa ndipo nilianza kupenda hiyo kazi, kwa sababu mahesabu yanakufikisha mahali halafu yanakuacha na macho yako. Alikuja jamaa mmoja mrefu kama mlingoti, kilo 62 na mawe mfukoni. Kwa karatasi angepanda yule poni wa Kisomali wa hendi 13 na kubaki na nafasi. Tukampandisha. Magoti yake yalikuwa juu, kisigino kiko chini ya tumbo la poni hakishiki chochote, na kila mara akiinama mbele kidogo poni anakosa hatua, kwa sababu urefu wote ule wa mgongo na kichwa ni kama mtu amebeba ngazi begani. Hakuwa mzito. Alikuwa mrefu juu. Tukamshusha, tukampa mwingine mwenye mbavu nene, za kumeza miguu. Hilo neno ni la Mzee: farasi anameza miguu. Poni mfupi mwenye kifua kipana anaweza kumbeba mtu mrefu akatulia, kwa vile miguu inazunguka mbavu badala ya kuning’inia. Na kinyume chake ipo: mtoto wa miaka sita juu ya Meja anakaa kama amekalia meza ya kula, miguu imenyooka kila upande, hawezi kumwambia farasi kitu kwa miguu hiyo. Meja hatasikia uzito wake, lakini pia hatasikia amri yake.

Tena kuna mgeni na mzoefu. Mzoefu anaenda na farasi. Mgeni anadundadunda, na kila akidunda anaanguka kwa mgongo ule ule. Mzee ana sheria yake mwenyewe: mgeni mtolee kilo kumi kwa ile hesabu. Hiyo sijaiona kwa utafiti wowote na bado naitumia.

Kwa hayo yote nilipata kazi ya kuandika. Sisi ambao tunaandikia watu wa nje mtandaoni tunajua vile inakuwa: leo ni dawa ya kuota nywele, kesho ni bima ya mbwa. Siku moja ikaanguka oda ya maneno 1,500, jinsi ya kuchagua poni kwa mtu mwenye mwili mkubwa. Nililia kidogo kwa furaha. Kwa mara ya kwanza nilikuwa najua kitu zaidi ya mwenye kunilipa. Niliandika kuhusu farasi wa Iceland, ambao kwa urefu ni poni kabisa na wanabeba watu wazima kwao tangu zamani. Niliandika kuhusu poni wa milima ya Scotland ambao kazi yao moja ilikuwa kuteremsha paa waliopigwa risasi. Niliandika mfupa, kiuno, mbavu, na ile fomula na futi ya fundi wa nguo.

Ikarudi. Mteja alisema ni nzuri sana, lakini niondoe kilo. Wasomaji wake wangejisikia vibaya wakiona namba. Niweke “mpandaji mkubwa” na “poni imara”, basi.

Niliondoa. Alikuwa analipa. Lakini nilikaa na hilo jambo siku kadhaa kwa sababu sikuwa na uhakika kama amekosea. Mimi nimekulia mahali ambapo ukirudi nyumbani Krismasi shangazi anakupokea na “umenona!” mbele ya wageni, na dada yangu amekula chakula chake jikoni kwa miaka kwa ajili ya hayo maneno. Sisi uzito wa mtu tunautaja ovyo, tunautaja kama mchezo. Mteja wangu anaogopa hata namba. Na katikati kuna poni ambaye hana njia ya kusema 44 isipokuwa kulaza masikio na kujinyonga.

Kwa hivyo Jumapili moja, mwaka jana, gari likaingia. Mama, na wasichana wawili. Mdogo alikuwa kama tisa, mwembamba. Mkubwa alikuwa kumi na nne hivi, amevaa sweta kubwa ya rangi nyeusi na jua lile lote, mikono ameivuta ndani. Nilimjua huyo msichana kabla hajashuka. Alikuwa ni dada yangu kwa sweta nyingine.

Biskuti alikuwa pale mbele, amechanwa vizuri, na kusema kweli Biskuti kwa picha anatokea. Mama akasema, “Wote wapande huyu mdogo. Ni mpole, si ndiyo?”

“Ni mpole, mama. Huyu dogo atampanda.”

“Na huyu mkubwa?”

“Huyu tutamtafutia wake.”

Mama akacheka, akamgeukia binti. “Unaona? Si nilikuambia upunguze chapati? Hata farasi wanakukataa.”

Sikusikia alijibu nini kwa sababu hakujibu. Alitazama viatu vyake. Mama hakuwa mtu mbaya, ni vile tu wengi wetu tunaongea. Nilitaka kusema kitu cha maana na sikuwa nacho, kwa hivyo nilitoa futi.

“Njoo unisaidie,” nikamwambia. “Shika hapa.”

Tukampima Biskuti pamoja. Nikampa simu yangu afanye hesabu. Alikuwa na haraka ya vidole kuliko mimi. “221,” akasema. Biskuti alikuwa ameongezeka kidogo tu tangu zile siku.

“Gawanya kwa tano.”

“44.”

“Sasa mimi hapa ni 61. Mzee pale ni 70. Mama yako siwezi kumuuliza.” Akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja. “Kwa hii yadi yote, watu wa kumpanda Biskuti ni dada yako na yule paka.”

Tukaenda kwa Meja. Ilibidi apande kijibao kumzungusha futi. Alifanya hesabu mwenyewe bila kuambiwa, akapata 503, akagawanya.

“Kilo mia moja,” akasema. Halafu kwa sauti ya chini, akiangalia futi si mimi: “Mimi ni 78.”

“Toa tandiko. Weka tisa.”

“87.”

“Umeanza leo?”

“Eeh.”

“Ongeza kumi ya mgeni.”

“97.” Akaniangalia. “Imeingia.”

“Imeingia.”

Sikumwambia ni namba nzuri au mbaya. Ilikuwa namba, na ilikuwa imeingia. Nilikuwa nimewahi kukataa watu wengine hapo hapo kwa Meja, wanaume wa kilo 120 waliokuja na rafiki zao, na nimewaambia kwa njia hiyo hiyo, kwa futi, na wengi wao wamekubali. Mmoja alinitusi. Hatuna farasi wa kilo 650, nikamwambia, tukipata nitakupigia.

Mzee alimtandika Meja mwenyewe. Nilirefusha vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, hadi goti la msichana likapinda inavyotakiwa. Alipanda kwa kijiti cha ngazi tatu, ambacho kila mtu hutumia, hata Madam, kwa vile kupanda kutoka chini kunavuta mgongo wa farasi upande mmoja. Alikaa. Miguu yake ilizunguka mbavu na kutulia, imemezwa.

“Yuko juu sana,” mama akasema kutoka kwa ua. “Hataanguka?”

Hakuna aliyemjibu haraka. Nilishika kamba, tukaanza kutembea kuelekea kwa mti wa jakaranda. Nyuma yetu mtoto mdogo alikuwa akimwambia Biskuti hadithi ndefu ya shule. Nilimwangalia Mzee, ambaye alikuwa amesimama kando ya maji, mikono nyuma, haangalii msichana, anaangalia masikio ya Meja. Yalikuwa mbele.

Tulipofika kwa mti aliniuliza kama anaweza kutoa sweta. Nikasimamisha Meja, akaitoa, akanipa niishike.

“Tuzunguke tena?” nikauliza.

“Hii kamba lazima?”

“Leo, lazima.”

“Sawa,” akasema. “Tuzunguke.”